Kura Haipelekwi Nyumbani

Siku ya kupiga kura nilikaa juu ya jiwe tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi jioni, mvua ikija na kuondoka, hatua kama mia kutoka mlango wa shule ya msingi. Kadi yangu ya mpiga kura nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuificha kifuani. Waliopita kwenda kituoni walinisalimia kwa mbali, wengine wakajifanya wanaangalia matope. Sikuwalaumu wote. Wachache niliwalaumu mmoja mmoja, kimoyomoyo, kwa majina yao na ya baba zao, kwa sababu mimi si malaika na sijawahi kujifanya malaika.

Watoto wangu huniuliza kwa nini kila uchaguzi ninaamka mapema kama mtu anayewahi basi la Arusha. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nilizaliwa Dirma, kwenye tambarare za Hanang, nikaolewa kwenye vilima vya upande wa Masieda, kwa watu wa ng'ombe wachache, mahindi, maharage na vitunguu swaumu. Kidato cha nne nilimaliza Katesh, nikafeli vizuri tu kama wengi wa darasa letu. Lakini kijijini kwa mume wangu elimu hiyo ilitosha kunifanya msomaji wa barua za watu na mfafanuzi wa habari za redio. Kazi hiyo ya pili niliipenda kupita kiasi. Mama mkwe wangu alisema redio ikinyamaza mimi ndiyo naanza.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Tulikuwa tumezoea kuitwa watu wa Arusha, mara tukaambiwa makao makuu yetu ni Babati. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye koti la kijivu alilolivaa jua na mvua, alifurahi sana.

"Serikali imesogea karibu," alisema.

"Imesogea Babati, baba mzee," nikamjibu. "Huku bado haijafika."

Alicheka. Alikuwa mtu mwema, jirani yetu wa ukutani, na nyumba zake kumi alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, yupi anachechemea na yupi ana maziwa.

Uchaguzi wa rais ulikuwa unakuja, na kwetu ubishi wake ulifanyika jikoni, wakati makande yanachemka. Mama mkwe alikuwa mtu wa zamani. Kwake serikali ilikuwa ile iliyoleta dawa ya josho bila mtu kuiomba, ikaleta mbegu, ikanunua mahindi. Josho letu lilikuwa limekauka miaka mingi, mbuzi walikuwa wanalala ndani yake, na kila alipolipita alitikisa kichwa.

"Serikali ya zamani ilikuwa mzazi," alisema. "Hii ya sasa imetuachisha ziwa kabla hatujaota meno."

"Mzazi gani, mama?" mume wangu alimjibu. "Ilichukua mahindi yetu yakaozea godauni. Leo mnunuzi anakuja mwenyewe na pikapu yake hadi njia panda. Mimi rais nitakayempa kura ni yule atakayetuacha tufanye biashara. Atengeneze barabara, basi, akae pembeni."

Mume wangu alikuwa mkulima hodari wa vitunguu swaumu, na soko huria lilikuwa limempa bati la nyumba na baiskeli. Alikuwa na haki ya kulisifu. Mama yake naye alikuwa na haki ya kulililia josho. Mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, nilikaa katikati nikiwachokoza wote wawili. Nilichokuwa nakitaka kwa serikali nilikijua vizuri. Sikutaka initilie mbegu shambani wala initafutie mnunuzi. Nilitaka iwepo ile siku ambayo jembe haliwezi kukusaidia.

Zahanati tulikuwa nayo. Nesi wetu alikuwa mwanamke wa Kigoma, Mwislamu, mpole, aliyekuwa amejifunza kusalimia kwa lugha yetu kabla hata hajafungua sanduku lake. Lakini kabati lake lilikuwa na daftari nyingi kuliko dawa. Mjamzito aliambiwa aje na glovu zake, wembe wake, na kanga zake, na vyote hivyo vilipatikana kwenye duka la dawa lililofunguliwa upande wa pili wa barabara. Gari la wagonjwa halikuwepo. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto ambao mvua zikianza huwa hauna urafiki na mtu.

Mwezi wa tisa msafara wa kampeni ulikuja kwenye uwanja wa mnada. Sitasema ulikuwa wa nani, maana iliyokuja baadaye ilifanana nao kama kuku wa mama mmoja. Palikuwa na vipaza sauti, kofia na ngoma. Msemaji kutoka mjini alieleza habari za uchumi na uwekezaji, kisha akauliza kama kuna swali. Wanaume wakauliza habari ya barabara na bei. Nikanyoosha mkono. Wenyewe wanasema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa na tumbo la miezi saba mbele yangu, hakuna cha kuficha.

"Rais wenu akishinda," nikauliza, "nani ataleta glovu zahanati? Na gari la kutuvusha mto?"

Msemaji akatabasamu. "Mama, huu ni uchaguzi wa rais. Tunazungumza mambo ya nchi. Glovu ni mambo ya nesi."

Uwanja mzima ulicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wa jirani wa bondeni, binti aliyeolewa kutoka Balangdalalu, naye akiwa na mimba changa kuliko yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikaa chini masikio yakiniwaka moto. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kura yangu haitakuwa ya kufuata mume wala balozi. Nilipanga kusimama na tumbo langu lote mbele ya lile sanduku.

Uchaguzi ulikuwa uwe mwisho wa mwezi wa kumi. Siku chache kabla, redio ikatangaza kwamba kwa sababu ya msiba wa mgombea mwenza mmoja, upigaji kura umesogezwa hadi mwezi wa kumi na mbili. Mume wangu alikasirika kwa sababu mwezi huo ni wa kulima na kupanda. Mimi nilihesabu kwa vidole nikaona kwamba nitakwenda kupiga kura nikiwa na mtoto mgongoni. Hata hilo lilinifurahisha.

Uchungu ulinianza asubuhi ya siku ya mnada, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na jozi mbili za glovu, nesi akazitumia zote kunipima. Kisha akanishika bega.

"Dada, mtoto amekaa vibaya. Hapa siwezi. Twende misheni."

Gari pekee lilikuwa pikapu ya mnunuzi wa vitunguu, pale njia panda, ikipakiwa. Yule mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alikubali mara moja kutubeba, ila alisema amalizie kwanza kupakia, maana mvua ikishuka mto utafunga na mzigo utaozea huku. Basi mume wangu akawa anapakia. Alikimbia na magunia ya vitunguu vyake mwenyewe mgongoni, moja baada ya jingine, huku mimi nimelala kwenye baraza la duka nikimwangalia. Sijawahi kumwona mtu akikimbia hivyo na mzigo. Tulipoondoka jua lilikuwa utosini.

Nilijifungulia juu ya magunia, kabla ya mto. Nesi alikuwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi, ile ya sukari. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja tu, sauti ndogo, akaendelea kupumua kwa shida mpaka tulipoanza kuona mabati ya hospitali, kisha akaacha. Mpaka leo siwezi kupika na kitunguu swaumu, na mume wangu, ambaye ndicho kilichomjengea nyumba, hajawahi kuniuliza kwa nini.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa bila kuelezwa. Kwetu, mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga alikuwa anawekwa kando. Jambo hilo huitwa metimani. Anakaa kwake, hachoti maji kwenye kisima cha wote, haingii nyumba ya mtu, hanywi kwenye kibuyu wanachonywea wengine. Wajawazito na wenye watoto wachanga wanamkwepa, hata nyayo zake hawazikanyagi, wakihofia kwamba kifo kile kitawafuata. Hukaa hivyo mpaka wazee waseme muda umetosha. Wachungaji walikuwa wamehubiri miaka mingi kwamba mambo hayo yamepita, na kanisani sote tulisema amina. Lakini Jumapili ya kwanza niliyokwenda ibadani, benchi langu lilikuwa la kwangu peke yangu.

Mama mkwe hakuwa mkali. Alinipikia uji, akanichotea maji, akamchukua mwanangu mkubwa akalala naye.

"Mimi nilizika wawili," aliniambia. "Nikakaa ndani. Hakuna aliyenisumbua na jembe wala maneno. Ni mapumziko pia, mwanangu."

Nililia alipoyasema hayo, maana ilikuwa kweli. Kuna siku nilishukuru kwamba hakuna mtu anayeniuliza kitu. Lakini siku ya kupiga kura ilikuwa inakaribia, na kila nilipoitazama ile kadi yenye picha yangu, mashavu yamevimba kwa mimba, nilisikia kile kicheko cha mnadani. Hasira yangu ilikuwa kitu pekee kilichokuwa na afya mwilini mwangu. Nilimwambia mume wangu kwamba nitakwenda. Yeye hakujibu neno. Alikuwa hajibu mambo mengi siku hizo.

Habari zikamfikia balozi. Mzee wa watu alikuwa amebanwa pande mbili. Kama balozi, alijivunia kwamba hakuna mtu mzima wa nyumba zake kumi atakayekosa kura. Kama mzee wa mila, aliona hatari, na hatari yenyewe ilikuwa wino. Kila aliyepiga kura alikuwa anachovya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwenye kichupa kimoja. Kichupa kimoja, watu mia kadhaa! Kwa wanawake wa kijiji ilikuwa sawa na kunywa wote kibuyu kimoja na mimi. Mmoja wao alikuwa ameshasema wazi kwamba kidole changu kikitangulia, yeye na wenzake watageuza njia warudi makwao.

Balozi alikuja akasimama nje ya ukuta wetu, kama desturi ilivyotaka. Nikamsalimu shikamoo kutoka mlangoni, akaitikia marahaba.

"Nimepata njia," alisema, akiwa na furaha ya mtu aliyekesha akifikiri. "Tukilima shamba kwa ushirika, nyumba yenye msiba si tunaipelekea pombe yake mpaka kwenye ua? Haikosi fungu lake. Basi na kura yako nitaileta hapa. Utaitia alama, nitairudisha."

Kwa jinsi alivyosema, nilimwamini. Hata mimi, msomi wa kidato cha nne, nilimwamini! Kwa akili yetu lilikuwa jambo la haki kabisa: mtu hakosi fungu lake eti kwa sababu amefiwa.

Siku yenyewe ilipofika, aliondoka alfajiri akiwa na koti lake. Saa tatu alirudi akiwa mdogo kuliko alivyokwenda. Msimamizi wa kituo, mwalimu wa kutoka Lindi, alikuwa amemsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akamwambia maneno ambayo balozi aliyarudia kwangu neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa kufikisha ujumbe.

"Amesema, 'Mzee wangu, kura haipelekwi nyumbani kwa mtu. Mwenye kura aje mwenyewe, na saa kumi jioni tunafunga.' Hata mume wako akienda na kadi yako, amekataa. Amesema watamkamata." Akavuta pumzi. "Basi mwanangu, mwachie Mungu. Kura moja haitamwangusha mtu."

"Kama haimwangushi mtu, baba mzee, wewe ulienda kuitafuta ya nini alfajiri yote hii?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na nira mkononi, anataka kwenda kulima. Alikuwa ameshapiga kura yake saa moja. Akaiweka nira chini polepole.

"Nenda," akasema. "Ng'ombe wanaweza kungoja. Mimi nitakaa na mtoto."

Lilikuwa neno lake refu kuliko yote tangu siku ya pikapu.

Njiani nilikuwa na mambo mawili yanayogombana kichwani. Nilitaka kura yangu, lakini sikutaka wanawake hamsini waondoke bila kupiga zao kwa ajili ya kidole changu. Wengi wao walikuwa na sababu ile ile ya kupiga kura niliyokuwa nayo, ila hawakuijua. Ningeingia saa nne ile, haki yangu ningeipata kamili na yao ningeivuruga. Nikaamua kungoja mpaka awe amebaki mtu wa mwisho, nami niwe nyuma yake. Ndiyo maana nikakaa kwenye jiwe.

Kumbe nilikuwa sijafikiria shamba. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri usiku, udongo ulikuwa laini, na watu walikuwa wanapanda kwanza ndipo wanakuja, wawili, watatu, miguu imejaa udongo. Kila nilipoona mstari unataka kwisha, wengine walitokea kilimani. Saa sita, saa saba, saa nane. Nguo zikanilowa zikakauka zikalowa tena. Maziwa yalikuwa bado yananitoka, hilo nalisema tu jinsi lilivyokuwa, na baridi iliyapiga hata nikauma meno. Nesi wa Kigoma alitoka kupiga kura akanijia moja kwa moja, akanipa mwavuli wake, akasimama nami kidogo. Yeye mila haikumhusu, ila nadhani hata ingemhusu angekuja.

"Unamngoja nani, dada?"

"Namngoja mtu wa mwisho."

Saa kumi kasoro robo mstari ulikuwa na watu saba na kilimani hapakuwa na mtu. Nikasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilitembea nikaenda nikasimama nyuma ya yule wa saba, mzee mmoja, nikaacha nafasi ya hatua tatu kati yetu. Balozi alikuwa barazani, akaniona, akavua kofia yake akaivaa tena. Mstari ukasogea. Askari akaangalia saa, akaja nyuma yangu kuweka mwisho wa mstari, maana sheria ilisema atakayekuwa ndani ya mstari saa kumi atapiga, na atakayekuja baadaye amekosa.

Hapo ndipo alipotokea. Yule mke wa jirani wa bondeni, binti wa Balangdalalu, alikuwa anateremka kilima mbio, tumbo amelishika kwa mikono miwili, udongo hadi magotini. Tumbo lilikuwa kubwa, limeshashuka. Askari alimsubiri, akafika anahema, akasimama nyuma yangu, na askari akasimama nyuma yake.

Nikageuka. Sikuwa nimemtazama usoni tangu mnadani.

"Pita mbele," nikamwambia.

Hakusogea. Balozi akaita kutoka barazani, "Mpishe! Mpishe apite!"

Nilikuwa nimeshampisha. Nilikuwa nimesimama kwenye majani, njia iko wazi. Waliokuwa wamemaliza kupiga kura na kukaa kupiga soga waligeuka wote kututazama.

"Dada," akasema, "siku ile mnadani nilicheka."

"Nakumbuka."

"Nilicheka kuliko watu wote."

"Hilo pia nakumbuka."

Alifuta uso kwa upande wa kanga. "Mwezi ujao ni zamu yangu. Kabati la nesi ni lile lile, na gari ni lile lile la vitunguu. Swali ulilouliza lilikuwa langu, nami nikalicheka." Akanishika kiwiko, mbele ya watu wote, akanirudisha mstarini. "Tangulia. Mimi nakufuata."

Niliogopa. Nilitaka kumsukuma mbele kwa nguvu. Mimi niliyekuwa nabisha na redio, mimi niliyekuwa nasema amina kanisani mila ikihubiriwa kwamba imepita, wakati ule niliamini kila neno la metimani. Nilimwona yule mtoto wake tumboni, nikaona mikono iliyovishwa nailoni. Lakini mkono wake ulikuwa umenikamata kiwiko na haukuachia.

Nikaingia. Mwalimu wa Lindi akaangalia kadi, akaniangalia mimi, akaangalia picha, kama anatafuta yale mashavu yamekwenda wapi. Mawakala wa vyama wakalitafuta jina langu kwenye daftari. Nikapewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani, nikaingia kwenye kituturi, nikatia alama zangu. Niliwapigia akina nani, sijamwambia hata mume wangu. Nikazikunja, nikazitumbukiza, nikachovya kidole. Wino ulikuwa wa baridi.

Sikutoka. Nilisimama karibu na mlango nikitazama. Yeye alipiga kura yake upesi, akaja kwenye kichupa. Wengine walikuwa wanachovya ncha tu. Yeye alizamisha kidole chote, akakiacha mle kama anakipoza.

"Inatosha, mama," mwalimu akamwambia. "Wino ni wa serikali."

Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Mama mkwe aliniona nikitoka, akanipisha mlangoni. Wanawake wawili waliondoka nilipofika. Watatu walibaki.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko siku ile ya jiwe. Rais alikuwa ameshaapishwa, watu walikuwa wanabishana jikoni kama atarudisha josho au ataliacha, mimi nilikuwa nawaza tumbo la mtu mmoja tu. Kama mtoto wake angekufa, ningekuwa mimi niliyemuua, na hakuna mchungaji ambaye angewashawishi watu vinginevyo, hata mimi mwenyewe. Nilipoteza usingizi na hamu ya kula. Kwaya yetu ya wanawake kanisani ilichanga, tukanunua pakiti nzima ya glovu. Mume wangu naye alikwenda njia panda bila kuambiwa, akamwambia mnunuzi kwamba hatampa gunia hata moja msimu ujao kama pikapu itasubiri mzigo wakati kuna mzazi. Hayo niliyasikia kwa watu.

Mwezi wa kwanza, asubuhi, mtu akaja ukutani kwetu akasema ninaitwa zahanati. Nilikimbia bila viatu. Nesi alinifungulia mlango akiwa na glovu hadi kwenye vifundo vya mikono, nyeupe, kavu. Mtoto alikuwa amekaa vizuri. Alizaliwa kabla ya chai ya saa nne, akalia mpaka waliokuwa nje wakaanza kupiga vigelegele. Mama yake akamwambia nesi anipe mimi kwanza. Nilimpokea. Ukucha wa kidole changu cha mwisho ulikuwa bado mweusi nchani, maana ulikuwa haujakua ukaumaliza wino, na wa mama yake vile vile. Nilimlilia yule mtoto nikamlilia na wangu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeniondoa.

Ile pakiti ya glovu iliyoisha sikuitupa. Diwani mpya alipokuja kwenye mkutano wa kijiji kushukuru kwa kura, nilikuwa nayo mfukoni. Alishukuru, akasema serikali iliyochaguliwa itakuwa ya wananchi. Balozi, aliyekuwa ameketi mbele, akageuka akatutafuta kwa macho upande wa wanawake.

"Kuna swali," akasema, wakati hakuna mtu aliyekuwa amenyoosha mkono.

Nilitaka kusimama, lakini yule binti wa Balangdalalu alikuwa ameshasimama, mtoto mgongoni. Akanyoosha mkono kwangu nikampa pakiti tupu. Akatembea mpaka mezani, akaiweka mbele ya diwani.

"Hizi tulinunua wenyewe," akasema. "Zimekwisha. Mwezi huu kuna wajawazito watatu. Nani analeta nyingine?"

Hakuna aliyecheka. Diwani aliitazama ile pakiti, akaitazama tena, kisha akatoa kalamu na daftari.

"Andika na gari," nikamwambia kutoka nilipokuwa nimekaa.